Waya mbili zinazoamua kama pampu uliyovusha Mpondwe itarudi au itabaki

Mfanyabiashara anayevuka daraja la Mto Lhubiriha kutoka Bwera kwenda Kasindi huijua bidhaa yake kwa mikono. Chumvi ya Katwe anaionja, kitenge anakivuta kuona kama kinachuja, mahindi anayauma kujua kama yamekauka. Shida huanza mteja wa Beni au Butembo anapompigia simu na kumwagiza kitu kisichoonjwa wala kuvutwa: draivu ya mota, pamoja na sensa ya presha, kwa ajili ya pampu ya maji.

Draivu ni sanduku lenye ukubwa wa redio ya mezani, au dogo zaidi, lenye skrini mbele na safu ya skrubu chini. Linapokea umeme wa kawaida na kuupeleka kwenye mota likiwa limebadilisha kasi yake, ili mota izunguke polepole au haraka kadiri inavyotakiwa. Upande wa Uganda mafundi wengi huliita inveta. Ng'ambo, Kifaransa kikiwa ndicho lugha ya ufundi, huitwa varyateri. Hapo tayari pana mtego wa kwanza, kwa sababu madukani neno inveta humaanisha pia kile kisanduku cha sola kinachogeuza umeme wa betri. Anayeandika "inveta" tupu kwenye karatasi ya oda asishangae akiuziwa kitu cha kuwashia televisheni. Andika "draivu ya mota ya fezi tatu", kisha uongeze nguvu ya mota kwa kilowati.

Tuseme umepata draivu halisi, mpya, ya kampuni inayojulikana. Umevuka nayo, fundi wa mteja ameifunga, mota imezunguka, watu wamepiga makofi. Wiki moja baadaye simu inalia: maji hayafiki ghorofa ya juu, au bomba limepasuka usiku, au pampu haizimi kabisa. Duka la Kampala litasema kifaa kilitoka kikiwa kizima. Fundi wa Butembo atasema alifunga kama alivyokikuta. Katikati umebaki wewe, uliyepokea pesa ya mteja na ambaye uso wako unajulikana sokoni. Mara nyingi kosa halimo ndani ya sanduku wala ndani ya mota. Liko kwenye waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye sensa, na kwenye namna draivu ilivyoambiwa izisome.

Makala hii inahusu waya hizo mbili.

Mubuku na maji yasiyohitaji pampu

Huenda mtu wa Mubuku akauliza pampu zinamhusu nini. Mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, hupata maji ya mito Sebwe na Mubuku kwa mteremko tu. Mlima Rwenzori ndio pampu yao, na haulipiwi bili. Mto Mubuku huohuo unazungusha mitambo mitatu ya umeme: wa kwanza wa megawati 5, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe, wa pili wa Bugoye, wa megawati 13, ulioanza kazi mwaka 2009, na wa tatu wa megawati zipatazo 10, uliojengwa kuhudumia kiwanda cha kobalti cha Kasese.

Hata maji yanayoshuka yenyewe yanahitaji mtu wa kuyasikiliza. Mtambo wa umeme usio na bwawa kubwa hutegemea kina cha maji kwenye tangi la juu, pale bomba la kushukia linapoanzia. Kina kikipungua, tabaini lazima ibane maji, kikipanda, ifungue. Hakuna anayekaa kule juu na rula. Sensa hupima kina na kutuma ishara ya umeme kwenye waya, na kidhibiti hulinganisha kipimo na kiwango kinachotakiwa, kisha hurekebisha. Kazi hiyo haina tofauti na ile ambayo draivu ya mteja wako inatakiwa kuifanya kwenye kisima cha hoteli au kiwanda cha kusindika maji. Ukiuelewa mmoja umeuelewa mwingine.

Na wateja wapo. Ukipanda kutoka barabara kuu ya Kasese kwenda Fort Portal, kahawa inayooshwa inahitaji maji yenye presha ya kutosha. Ng'ambo, Mutwanga, chini ya Rwenzori upande wa Kongo, kituo kidogo cha umeme wa maji kilianza mwaka 2013, na baada yake vikafuata viwanda vya sabuni na chokoleti. Umeme ukifika mahali, mota hufuata. Mota zikifika, hufuata swali la namna ya kuzitawala.

Kwa nini mtu anunue draivu badala ya swichi ya kawaida? Sababu kubwa ni bili. Pampu ya maji ikipunguzwa kasi kutoka 50 Hz hadi 40 Hz, yaani asilimia 80, maji yanapungua hadi asilimia 80 hivi, lakini nguvu inayoliwa hushuka hadi karibu asilimia 51, kwa sababu nguvu hufuata kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Hesabu hiyo huwafurahisha wauzaji, nao huitaja bila kumaliza sentensi. Inakuwa kweli pale pampu inaposukuma maji kwenye mabomba ya tambarare. Tangi likiwa juu ya kilima, na sisi huku tunaishi kwenye vilima, sehemu kubwa ya kazi ni kuinua maji tu, na akiba inapungua. Ukishusha kasi kupita kiasi pampu itazunguka bila tone kufika juu. Usimwahidi mteja wa Butembo nusu ya bili kabla hujajua tangi lake liko wapi.

Boda anayepanda mlima

Herufi tatu, PID, ziko karibu kwenye kila draivu ya leo, hata ya bei ndogo. Ni njia ya kuifanya mota ijirekebishe yenyewe.

Mwendesha boda ameamua kwenda kilomita 40 kwa saa. Anaanza kupanda mlima, mwendo unashuka hadi 30. Anavuta mafuta kulingana na pengo analoliona: pengo kubwa, anavuta sana, dogo, anavuta kidogo. Hiyo ndiyo P. Lakini mlima ni mrefu, na kwa mvuto huo bado yuko 36. Akiona muda unapita na pengo halizibiki, anaendelea kuongeza kidogokidogo hadi afike 40. Hiyo ni I, inayokumbuka pengo la muda mrefu. D ni ile hali ya kuona mwendo unaanguka ghafla na kuvuta kabla pengo halijawa kubwa. Kwa pampu za maji D huachwa sifuri, kwa sababu presha ndani ya bomba hutetemeka muda wote, na D huchukulia kila mtetemo kuwa mlima.

Boda huyo anahitaji mita ya mwendo inayosema kweli. Mita ikimwambia anakwenda 52 wakati anakwenda 40, atapunguza mafuta na kuchelewa, huku akiamini yuko sawa kabisa. Hapo ndipo pampu nyingi zinapoharibikia. Fundi hukesha akibadilisha P na I, na kumbe mita ndiyo inayodanganya.

Volti au miliampea

Sensa ya presha haitumi namba. Inatuma umeme mdogo ambao ukubwa wake unawakilisha presha, na lugha zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni volti, kuanzia 0 hadi 10. Ya pili ni mkondo, kuanzia miliampea 4 hadi 20. Kwa sensa ya bar 0 hadi 10 inayozungumza lugha ya pili, bomba tupu ni miliampea 4, bar 5 ni miliampea 12, na bar 10 ni miliampea 20.

Mtu huuliza kwa nini ianze na 4, si sifuri kama vitu vingine. Jibu lake ndilo litakalokuokoa.

Panya akiukata waya wa sensa ya volti, draivu itasoma volti 0. Kwake yeye, volti 0 maana yake ni bomba lisilo na presha. PID itafanya kama ilivyofundishwa: presha haipo, ongeza kasi. Itaongeza hadi mwisho, na itabaki huko, kwa sababu sifuri haibadiliki. Usiku, watu wamefunga mifereji yote, pampu inasukuma kwa nguvu zake zote kwenye mabomba yaliyozibwa. Asubuhi kuna dimbwi, au mpira wa kuzuia maji kwenye shafti umeungua.

Kwa lugha ya 4 hadi 20, waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na 0 si kipimo chochote halali, kwa sababu hata bomba tupu hutoa 4. Draivu inajua mara moja kwamba kuna hitilafu. Draivu nyingi zina sehemu ya kuiambia ifanye nini hapo: isimame, itoe onyo, au iendelee kwa kasi ya chini iliyowekwa. Sehemu hiyo mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Kununua sensa ya miliampea kisha kuacha ulinzi huo umezimwa ni sawa na kununua kufuli na kuliacha mfukoni.

Kwa safari ndefu ya waya pia mkondo una faida. Volti hupungua njiani waya ukiwa mrefu. Mkondo unaoingia upande mmoja ndio unaotoka upande wa pili. Sensa ikiwa kisimani na draivu ikiwa chumba cha mitambo mita 60 mbali, mimi sioni sababu ya kuchukua ya volti, hata kama ni nafuu kidogo.

Namba zinazopasua mabomba

Kuna makosa mawili ya namba yenye sura tofauti, na kila moja lina dalili yake.

La kwanza: sensa inatuma 4 hadi 20, draivu imewekwa isome 0 hadi 20. Mteja anataka bar 4. Draivu, ikiwa na kipimo cha bar 0 hadi 10, inasubiri asilimia 40 ya 20, yaani miliampea 8. Lakini kwa sensa, miliampea 8 ni bar 2.5 tu. PID inatulia, skrini inaonyesha bar 4 safi, kila kitu kimya, na ghorofa ya juu haina maji. Dalili yake ni rahisi kuigundua: zima pampu, fungua maji yote yatoke, kisha angalia skrini. Bomba tupu linalosomeka bar 2 limekwishaungama, kwa maana miliampea 4 ni asilimia 20 ya 20, na asilimia 20 ya bar 10 ni bar 2.

La pili ni baya zaidi. Sensa ni ya bar 0 hadi 16, lakini draivu imeambiwa ni ya bar 0 hadi 10. Bomba tupu litasomeka sifuri vizuri tu, kwa hiyo jaribio la kwanza halitakusaidia. Mteja anaweka bar 4, draivu inatafuta asilimia 40 ya ishara, na asilimia 40 ya 16 ni bar 6.4. Bomba la plastiki lenye maandishi PN6 limetengenezwa kwa bar 6. Skrini itaendelea kusema bar 4 hadi bomba litakapoachia. Dawa ni geji ya kawaida ya mshale, ile ya bei ndogo, ifungwe kando ya sensa. Mshale na skrini visipokubaliana, amini mshale kwanza, kisha soma kibandiko cha sensa.

Kibandiko chenyewe kina vipimo vya nchi mbalimbali. MPa 1 ni bar 10. Psi 150 ni kidogo zaidi ya bar 10. Mteja anayesema "nataka maji yapande mita 40" anahitaji bar 4 hivi kuyainua tu, kwa kuwa bar 1 huinua maji mita 10 na ushei, kabla hujahesabu msuguano wa mabomba wala presha ya mfereji wenyewe.

Halafu kuna sensa zinazopima presha pamoja na uzito wa hewa, na zile zinazopima presha inayozidi hewa. Ya pampu ni hii ya pili. Hewa ya Kasese, karibu mita 900 na zaidi juu ya bahari, ina uzito wa bar 0.9 hivi, na sensa ya aina ya kwanza itaonyesha hiyo 0.9 hata ikiwa juu ya kaunta bila bomba. Ndiyo sababu nitapendekeza hapo chini uijaribu juu ya kaunta.

Swichi ndogo kuliko punje ya mchele

Ndani ya draivu nyingi, karibu na skrubu za waya, kuna swichi ndogo sana au kijampa chenye alama V na I, au U na I. V na U ni volti. I ni mkondo. Draivu nyingine hazina swichi, uchaguzi hufanywa kwenye skrini, na nyingine zinadai vyote viwili: swichi na skrini vikubaliane. Danfoss, kampuni ya Denmark ambayo mwaka 1968 ilianza kutengeneza draivu kwa wingi, huandika namba 53 na 54 kwenye matundu ya ishara ya draivu zake nyingi. ABB na Schneider huandika AI1 na AI2. Jina lolote lile, tundu ni lile lile.

Swichi ikiwa kwenye volti na sensa ikiwa ya mkondo wa waya mbili, mkondo hauna pa kupita. Volti kwenye tundu inapanda hadi mwisho wa kipimo, draivu inaamini presha ni kubwa kupita kiasi, na pampu haitaki kuanza. Mteja atasema umemletea kibovu. Kinyume chake, swichi ikiwa kwenye mkondo na sensa ikiwa ya volti, tundu linageuka kuwa rezista ndogo, mara nyingi oumu 250 au karibu na hapo, na sensa inajikuta inalazimishwa kutoa mkondo isiouweza. Hapo kitu kinaweza kuungua kweli, na hakuna dhamana itakayokipokea.

Kwa sensa ya waya mbili, mpangilio ni huu: volti 24 za draivu huingia kwenye waya chanya wa sensa, waya wa pili wa sensa huenda kwenye tundu la ishara, na draivu hufunga mzunguko kupitia sifuri yake ya ndani. Kwa baadhi ya draivu fundi lazima aunganishe sifuri ya volti 24 na sifuri ya tundu la ishara kwa kipande cha waya, vinginevyo duara halikamiliki na skrini itaonyesha waya umekatika. Kabla ya kununua hakikisha draivu ina hizo volti 24. Ndogo nyingine zina volti 10 tu kwa ajili ya kitufe cha kuzungusha, na sensa nyingi za mkondo haziwezi kuamka kwa volti 10 zikiwa na mzigo wa rezista. Hapo mteja atahitaji chanzo kingine cha umeme, gharama ambayo ni heri aisikie kabla ya kulipa.

Waya wa sensa uwe na ngozi ya chuma, nayo ifungwe athi upande wa draivu peke yake. Usilazwe pamoja na waya mnene wa mota. Utenganishwe angalau kwa urefu wa rula ya shule, na pale inapobidi ikutane, ikatizane kama njia panda. Waya wa mota unaotoka kwenye draivu hupiga kelele ya umeme, na kelele hiyo ikiingia kwenye ishara, presha kwenye skrini inacheza kama mshale wa mizani ya mchuuzi mwenye haraka. Draivu nyingi zina kichujio cha kutuliza ishara, kinachohesabiwa kwa sehemu ya sekunde au sekunde kadhaa. Kisaidie kidogo. Kikizidi, PID itakuwa inaendesha kwa habari za jana.

Baada ya ishara kusema kweli, PID yenyewe ni kazi fupi. Kwanza mwelekeo: kwa presha ya maji, kipimo kikishuka mota iongeze kasi. Kwa feni ya chumba baridi cha samaki ni kinyume, joto likipanda feni iongeze kasi. Ukigeuza mwelekeo pampu itakimbia maji yanapotosha na kulala yanapohitajika. Kisha anza na P ndogo na I ya sekunde kadhaa, fungua na kufunga mfereji, tazama. Presha ikiyumba juu na chini bila kutulia, punguza P au refusha muda wa I. Ikichelewa mno, fanya kinyume.

Vitu viwili visisahaulike kwa pampu ya kisimani inayozama. Kasi ya chini isiwe sifuri. Watengenezaji wengi hutaka isishuke chini ya 30 Hz, kwa sababu beringi inayobeba uzito hulainishwa na maji yanayosukumwa na mzunguko wenyewe. Na iwashwe ile kazi ya kulala: watu wakifunga maji yote, draivu izime pampu, iiamshe presha ikishuka. Bila hiyo mota itazunguka usiku kucha bila kazi, na bili ambayo draivu ilinunuliwa kuipunguza itapanda.

Kaunta kabla ya mpaka

Haya yote yanaweza kujaribiwa dukani, na ndiyo faida ya mfanyabiashara anayeelewa. Draivu ndogo inayotumia umeme wa nyumbani inaweza kuwashwa juu ya kaunta bila mota. Unganisha sensa, weka swichi kwenye mkondo, weka 4 hadi 20, ingiza kipimo kilicho kwenye kibandiko. Skrini isome sifuri. Chomoa waya mmoja, draivu ilalamike. Isipolalamika, mwombe muuzaji awashe ulinzi huo mbele yako. Ukiwa na mita ya fundi, ipitishe katikati ya waya uone miliampea 4 kwa macho yako. Kazi ya dakika 15, kulinganisha na siku za kurudi na kifaa kilometa mamia.

Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishakujibu swali lako.

Umbali nao una gharama yake. Barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni ni sehemu ya mradi wa pamoja wa Uganda na Kongo ambao marais wa nchi hizo waliuzindua Mpondwe Juni 2021, pamoja na kilomita 54 za kwenda Butembo. Barabara ikinyooka mzigo unafika haraka, na lawama zinarudi haraka vilevile. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Draivu nyingi hupimwa nguvu hadi mita 1,000. Juu ya hapo, kanuni ya kawaida ni kupunguza asilimia 1 ya mkondo kwa kila mita 100, kwa kuwa hewa nyepesi haipoozi vizuri. Mota inayotumia draivu hadi ukingoni Kasese inaweza kuizidi kule juu. Kwa mteja wa Butembo chukua saizi moja zaidi.

Usisahau kumuuliza umeme alionao. Draivu inayoingiza fezi moja ya volti 220 hutoa fezi tatu za volti 220, si 380. Mota yenye kibao cha 230/400 lazima iungwe kwa delta, ama sivyo itakosa nguvu, na sensa itasingiziwa.

Forodhani, Kongo ikiwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, wengine hudhani kila kitu kinachotoka Uganda kinapita kwa utaratibu rahisi. Utaratibu huo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Draivu iliyotengenezwa China au Ulaya haibadiliki kuwa ya Uganda kwa sababu imelala Kampala wiki mbili. Itangazwe ilivyo: draivu kwa kawaida huingia kwenye namba 8504.40 ya forodha, na sensa ya presha kwenye 9026.20. Ni vitu viwili, mistari miwili kwenye ankara. Ukiviandika kama "vifaa vya pampu", ofisa atavipa namba atakayoipenda yeye.

Na kabla sanduku halijafungwa, chukua kalamu ya wino mzito uandike ndani ya kifuniko, kwa Kiswahili ambacho fundi wa Bwera na wa Beni wote watakisoma: sensa bar 0–10, miliampea 4–20, tundu la kwanza, swichi iko I, waya ukikatika isimame, kasi ya chini 30 Hz, lengo bar 4. Kitabu cha maelekezo kinaweza kuwa cha Kichina, au kinaweza kupotea Kasindi. Kifuniko kimefungwa kwa skrubu nne, na fundi yeyote atakayeitwa usiku atakifungua kwanza.